Mbuzi wa Bwana Tena

Bwana Tena amekufa. Habari hiyo nililetewa Jumapili baada ya misa na padri wetu kijana, yule aliyesoma miaka minne Uingereza akarudi na kikohozi na mazoea ya kutia maziwa kwenye chai. Alisema aliiona kwenye televisheni ya nyumba alimokuwa akiishi, siku chache kabla ya kupanda ndege: walimwonyesha mzee mmoja mwenye masikio makubwa, wakaonyesha na vichekesho vyake vya miaka thelathini, kwa maana kwao huyo mzee alikuwa mtu mkubwa wa kicheko. Hakuwa mchezaji. Alikuwa yule anayekaa nyuma ya kamera na kuamua nani aanguke, aanguke wapi, na watu wacheke kwa muda gani. Wakasema pia kwamba kazi hiyo aliianzia Afrika, kwenye shamba moja la pareto huku Masisi, na padri akaruka kitini, kwa sababu anajua kwamba mchezaji wake wa wakati ule ni mimi, na wengine wote wamekwisha kufa. Akanishika mkono. "Papa Anselme, utuandikie kidogo. Mambo ya kuchekesha ya zamani ile. Tutayatia katika kitabu cha jubilei ya parokia." Nilimwambia nitaandika. Alipoondoka nilisogea dirishani nikatema mate nje, kitu ambacho kwa kawaida sifanyi, na kwa umri wangu mate hayaendi mbali. Yalidondokea shati langu la misa.

Haya basi, naandika. Kuzaliwa kwangu, baba yangu, shule ya kwanza, hayo yote naruka, hayamhusu mtu. Nina mwaka mmoja tu wa kueleza, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa moniteur, yaani mwalimu, wa darasa la pili kwenye shule ya misioni karibu na Muheto. Nilijua Kifaransa vizuri kuliko moniteur wote, na nilikuwa na kipaji kimoja kibaya: niliweza kumwigiza mtu yeyote. Nikitembea kama padri mkuu, watoto walijikojolea. Nikiongea kama agronome, yule bwana wa kilimo wa serikali, hata kapita, msimamizi wa wafanyakazi, alijificha uso kwa kofia yake. Basi kiangazi kile akaja Mwingereza na lori lake, na kamera tatu, na mbwa mwenye upele. Alikuwa mwanajeshi Nairobi wakati wa vita, na huko alijifunza Kiswahili cha kumwagiza mpishi. Alikuwa amealikwa na mzungu mwenye shamba la pareto, Mbelgiji ambaye sote tulimwita Patron, aliyekuwa akichoshwa na wafanyakazi wanaotoroka. Patron aliamini kwamba watu wakipata sinema ya kuchekesha kila Jumapili watakaa. Mwingereza aliniona nikimwigiza agronome nyuma ya duka, akapiga makofi, akasema, "Mzuri sana. Tena!" Nikafanya tena. Kabla ya wiki kwisha shamba zima lilikuwa linamwita Bwana Tena, na mimi nilikuwa nimeacha chaki.

Alikaa katika nyumba ya wageni ya Patron, na chumba cha kulia cha nyumba ile bado nakinusa. Kiko, mbwa, mafuta ya samaki wa mkebe, na soksi zilizotundikwa juu ya moto. Aliniruhusu kuketi mezani pake. Mtu mweusi mezani! Habari ilifika misioni kabla sijamaliza kula. Na nilikula nini? Maharage. Mimi wa Masisi, tunakolima maharage mpaka mtu anayaona usingizini, niliketi kwenye kiti chenye mto nikala maharage yaliyotoka kwenye mkebe, yamepikwa na sukari. Matamu kama dawa ya watoto, laini, hayana chumvi, hayana kitunguu, yanaelea kwenye rojo jekundu. Yalinitia kichefuchefu. Na Bwana Tena aliponiuliza, nilisema ni chakula kizuri sana, akaniongeza. Mwaka mzima nilikula maharage ya sukari nikisema ni mazuri. Nikitaka kujieleza mimi wa wakati ule, sina haja ya kwenda mbali kuliko sahani ile.

Mezani hapo alinifundisha kazi. Alikuwa na daftari alimoandika kila kitu kinachochekesha watu, kwa mstari, kama mtu anayeandika majina ya miti. Mtu akianguka mara moja, watu wanashtuka. Akianguka mara ya pili, wanatabasamu. Mara ya tatu wanacheka, na ukimwacha aondoke bila kuanguka mara ya nne, wanacheka zaidi. Sikatai, alikuwa anajua. Ila hakuwahi kuandika aliyeanguka aliumia wapi. Siku moja alitaka kuweka kicheko chenyewe kwenye mashine ya kunasa sauti, akaamuru wanawake wa pareto wakusanywe katika hangari ya kukaushia maua, wapata arobaini, milango imefungwa ili upepo usiingie. Mtu ambaye hajaingia humo hawezi kujua. Maua ya pareto yanapokauka hutoa vumbi linalowasha macho na koo, ndiyo maana huua wadudu. Mimi nilisimama juu ya sanduku nikawaongoza: nikinyoosha mkono wanacheka, nikiushusha wananyamaza. Walicheka. Tena! Wakacheka. Tena! Mara ya sita mama mmoja mwenye mimba akatapika, na wenzake, kwa kuogopa au kwa kuchoka sijui, wakacheka kweli. Bwana Tena aliinua dole gumba. Hicho ndicho alichokihifadhi. Nimemuuliza padri kijana kama katika vichekesho vya Uingereza husikika kicheko cha watu wasioonekana. Amesema ndiyo, sana. Nimemuuliza kama ni kicheko cha wanawake wenye mafua. Alidhani natania.

Sasa nije kwenye filamu. Kwao, alisema Bwana Tena, kichekesho cha kwanza ni mama mkwe. Unalitaja tu hilo neno na watu wamekwisha kucheka. Nikamweleza kwamba kwetu ni heshima: mama mkwe ukikutana naye njiani unaacha njia, unaingia majanini mpaka apite, na huli mbele yake hata ukiwa na njaa ya siku tatu. Nilimweleza ili aelewe. Yeye alicheka mpaka kiko kikazima. Akaandika kurasa nne papo hapo: mchumba analeta mbuzi, anakunywa pombe na baba mkwe, kila kitu kinakwenda vizuri, kisha anateleza na mtungi mzima wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kuangukia miguuni pa mama mkwe. Mara tatu. Mchumba ni mimi. Baba mkwe alimtaka Papa Bauma, kapita wetu, kwa sababu ya uso wake mrefu usiocheka. Mama mkwe, basi, awe mke wa Papa Bauma, Mama Felisite. Na bi harusi akamchagua mwenyewe alipomwona anapita na kikapu cha maua kichwani: Dorotea, binti yao wa kuzaa. Papa Bauma alikuwa ametumikia wazungu tangu alipokuwa hana ndevu. Mzungu akimwambia simama hapa, alisimama hapa.

Dorotea mwenyewe hakuwa mtu wa kusimamishwa hovyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mdomo wake mkali, na alikuwa na mtu wake: Silvani, seremala, mtoto wa Walikale aliyepanda kutoka msituni kuja kutengeneza milango ya Patron. Kila mtu alijua. Silvani hakuwa bado ameleta kitu, alikuwa anangoja wazee wake, kwa sababu watu wake ni Wakristo kama sisi lakini mambo ya ndoa bado wanayafanya kwa utaratibu wa kale, na hakuna kijana anayetangulia baba zake wadogo. Asubuhi ya kupiga picha Dorotea alinitazama nikijizoeza kutembea na mbuzi, akasema, "Moniteur, unatembea sawa vile bata." Kisha akaacha utani. "Ile mambo yote iko muchezo tu?"

"Muchezo tu," nilisema.

"Na mbuzi?"

"Ya sinema. Kisha wanarudisha."

Hilo la mwisho nililibuni. Ukweli ni kwamba Bwana Tena alichukia vitu vya uongo, alivyosema mwenyewe. Mbuzi walikuwa wawili, wazima, aliwanunua sokoni Mweso. Pombe ilikuwa kasiksi halisi ya ndizi, iliyochachuka siku tatu. Mashahidi walikuwa wazee halisi wa mtaa, wamekaa juu ya viti vyao. Nikatia kamba ya mbuzi mkononi mwa Papa Bauma. Tukanywa kutoka mtungi mmoja, yeye na mrija wake, mimi na mrija wangu, vichwa vyetu vikikaribiana, kama inavyofanywa tangu watu walipoanza kuoana katika vilima hivi. Tena! Tukanywa tena. Kisha nikaanguka miguuni pa Mama Felisite, pombe ikamlowesha mpaka kiunoni, na yule mama, ambaye kwa heshima hakuwahi kunitazama usoni kanisani, alisimama pale akitweta, kitenge kimemgandia mapajani mbele ya wazee. Nilianguka mara tatu. Mara ya tatu alilia, na Bwana Tena akasema ni mzuri sana. Mbuzi mmoja alichinjwa jioni ile, tukamla sote. Wa pili alibaki kwenye zizi la Papa Bauma, zawadi, na hakuna aliyekuja kumchukua.

Hapa naomba msomaji asitucheke vibaya. Wapo watakaosema: watu wa zamani, waliona sinema wakadhani ni kweli. Sivyo. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kabisa kwamba ni mchezo, na walijua pia kwamba mbuzi hajui kucheza. Kwao ndoa haikuwa kile kilichomo moyoni mwa mtu, maana moyoni nani anaona? Ndoa ilikuwa kamba iliyotoka mkono huu ikaingia mkono ule, na pombe iliyonywewa, na watu waliokaa wakaona. Nia yako ukaiweke mahali unapotaka.

Filamu haikuwa na sauti. Kazi yangu ya pili ilikuwa kusimama kando ya shuka nyeupe na bomba la bati mdomoni, kueleza picha na kuwachokoza watu wacheke. Tulizunguka nayo Masisi yote, kisha lori likashuka Walikale, kwenye matope na miti mikubwa, na huko watu walikaa wima wakatazama bila kucheka. Bwana Tena alinikodolea macho. Basi nikafanya kitu ambacho hakikuandikwa. Nikapiga kelele kwenye bomba: "Tazameni, wazee! Ile mbuzi iko ya kweli! Nyama nilikula miye mwenyewe! Pombe ya kweli, muniangalie, ninalewa!" Hapo wakacheka, baadhi yao. Kwenye viti vya mbele walikuwapo wanaume watatu ambao hawakucheka kabisa. Walikuwa baba wadogo wa Silvani.

Wiki tatu baadaye Silvani alinijia shuleni, nilikokwenda kuchukua kanzu yangu ya zamani. Alisimama mlangoni, mlango alioutengeneza yeye mwenyewe, akawa anaupapasa kwa kidole huku anaongea.

"Moniteur, baba zangu wanakatala."

"Wanakatala nini?"

"Dorotea. Wanasema iko muke ya muntu. Wanasema wewe mwenyewe njo ulisema kwa kinywa yako, mbele ya watu wote, mbuzi iko ya kweli na nyama ulikula."

Nilianza kucheka. Naandika hilo kwa sababu nimeahidi kuandika. Nilicheka, nikamwambia ilikuwa sinema, waambie. Silvani alingoja nimalize.

"Wanajua iko sinema," alisema. "Wanauliza tu: ile mbuzi ilikufa ao haikukufa?"

Dawa ilikuwapo, na wala haikuwa ngumu. Aliyetoa lazima apokee kwa mkono wake mwenyewe. Wangekutana wazee wa pande zote, mimi na Papa Bauma tungekunywa mara ya mwisho, yeye angeniwekea kamba mkononi, mimi ningesema nimepokea vyangu na sina neno, na pombe iliyobaki ingemwagwa chini. Basi, Dorotea huru. Lakini mbuzi mmoja alikuwa ameliwa, ilibidi awepo wa kujazia, na Silvani alimpata kwa kumtengenezea mwalimu mmoja kabati zima, kazi ya wiki mbili. Baba zake wadogo wangetembea kutoka Walikale. Kila mmoja alitoa kitu. Mimi nilitakiwa kutoa mkono tu.

Nami nikaenda kumweleza Bwana Tena. Hakuna aliyenituma. Tulikuwa mezani, yapo maharage, na kwa muda wa siku kadhaa alikuwa hanichangamkii kwa sababu hakuwa na wazo jipya. Alikuwa ameniahidi kwamba filamu ikipendwa atanipeleka Leopoldville, na kutoka huko Londoni, ambako wanajenga nyumba kubwa za televisheni na watahitaji watu wa kuchekesha. Nilimtolea mambo ya Dorotea kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Aliweka uma chini. Macho yake yalilowa kwa furaha. "Mbuzi narudi," alisema. "Mbuzi narudi kwa bwana yake! Mimi nakuja na kamera." Nikasema wazee hawatapenda. Akasema, "Wewe sema ni ukumbusho." Nikawaambia wazee ni ukumbusho.

Siku hiyohiyo nilisikia jambo lingine. Patron alikuwa amekuja kunywa, na wao wawili, wakiongea Kifaransa, walisahau kwamba niko kwenye baraza nikikunja shuka la sinema, au hawakusahau. Patron aliuliza kama kweli atanipeleka Ulaya. Bwana Tena akajibu kwa Kifaransa chake kibovu: nimpeleke akafanye nini? Kule atakuwa mtu mweusi anayeanguka. Hapa ni mfalme. Wakacheka. Mimi nilimaliza kukunja shuka, pembe kwa pembe, nikajiambia kwamba Kifaransa cha Waingereza hakieleweki vizuri. Niliendelea kuamini safari yangu. Mtu akitaka kitu sana, masikio yake huwa mapambo tu.

Walikutana asubuhi, nyumbani kwa Papa Bauma, ukungu ukiwa umekwisha kuinuka. Baba wadogo wa Silvani walikaa upande mmoja, miguu yao bado ina matope ya msituni. Dorotea alikaa kwenye mkeka nyuma ya mama yake. Silvani alisimama karibu na mbuzi wake wa kabati, anamshika sikio. Bwana Tena aliweka kamera kwenye miguu mitatu, akawasalimia wazee kwa adabu kabisa, akakaa kimya nyuma yake. Tukanywa, Papa Bauma na mimi. Papa Bauma akaniwekea kamba mbili mkononi. Nikasema maneno yangu, sauti yangu ikawa nzuri. Nikamwaga pombe. Mkubwa wa baba wadogo akaitikia kwa kichwa, na Dorotea akainua uso akamtazama Silvani. Kwa muda wa kuvuta pumzi labda kumi alikuwa mtu huru. Nilimwona. Nimewahi kuona watu wakitoka gerezani, na wanakuwa hivyo, hawajui waweke wapi mikono.

"Mzuri sana," alisema Bwana Tena. "Lakini filamu yangu nakwisha. Tena! Kuanzia kunywa."

Kuanza upya maana yake nini? Kamba zilikuwa mkononi mwangu. Ili Papa Bauma anirudishie, ilibidi kwanza mimi nimpe. Nikampa. Nilinyoosha mkono nikampa kamba zile mbili, na Papa Bauma, ambaye alikuwa amezoea maisha yake yote kupokea anachopewa, mzungu akiamuru, alifungua kiganja akazipokea. Mtungi ulikuwa bado na masalio. Akainama kwenye mrija wake. Nikainama kwenye wangu. Nilikuwa nimekwisha kumeza nilipoinua macho.

Mkubwa wa baba wadogo alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. "Tumeona," alisema. "Amemufungua, kisha amemufunga, mbele ya macho yetu. Kufungua iko mara moja. Muntu anayechezea kamba vile, hatuwezi kuweka mutoto wetu katikati yake." Papa Bauma aliziachia kamba zikaanguka, kama zimemchoma, lakini alikuwa amekunywa. Mama Felisite alipiga yowe moja fupi. Silvani alimwangalia Dorotea, akamwangalia baba yake mdogo, na mimi nilitumaini kwamba atanipiga, ningeshukuru. Hakunigusa. Alilia kama mtoto, wazi, pua inatiririka, kisha akawafuata wazee wake kwenye njia ya Walikale na hakurudi kuchukua hata randa yake. Nyuma yangu kamera ilikuwa bado inakereza, krrr, krrr, na sikuelewa wakati ule maana ya sauti hiyo.

Mwisho wa mwezi Bwana Tena akaenda zake. Aliniambia nimngoje Goma siku fulani kwenye uwanja wa ndege, na nilimngoja, na sanduku la mbao na tai shingoni, siku mbili. Alikuwa ameondoka juma moja kabla yangu. Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na nilipofika nilikuta mlango wangu wazi, chumba kimefagiliwa, na Dorotea amekaa kwenye kigoda na kikapu chake chini ya miguu, hajakifungua.

"Sikukuja kwa mapenzi," alisema. "Nyumba zingine zote zimefungwa. Papa anasema njo hapa kwa bwana yangu."

Nilivua tai.

"Miye iko na neno moja tu," alisema. "Ile siku, kumupa Papa kamba. Ulifanya kwa kusudi?"

"Hapana, Dorotea. Mukono ulienda wenyewe. Mwaka muzima anasema tena, nafanya tena. Mukono ulizoea." Nililia nilipokuwa nasema, na niliamini kila neno. Dorotea akasema kwamba kama ni mkono, basi, mkono hauna akili, na akafungua kikapu chake akaanza kutoa vyungu.

Tukaishi hivyo miezi mitatu, kwa adabu, kama watu waliopanga chumba kimoja. Aliniita Moniteur. Siku moja alinitania kwa habari ya bata, na nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Kisha ikafika Noeli, na sanduku kutoka Ulaya, na Patron akaamuru sinema mpya ionyeshwe mchana wa sikukuu ndani ya hangari ya pareto, magunia yakitundikwa madirishani ili kuwe giza. Akanitia bomba la bati mkononi mwenyewe. Watu wote wa shamba walikuwamo, wanapiga chafya. Dorotea alikaa kwenye benchi la tatu. Sikutaka aje, naye alisema anataka kumwona Silvani hata kwenye shuka.

Nilieleza picha: wazee hawa, mbuzi hawa, baba mkwe anakunywa, mkwe anapokea, pombe inamwagwa. Watu walitazama kwa heshima. Nilidhani itaishia hapo, maana filamu yake ilikuwa imekwisha, si alisema? Haikuwa imekwisha. Kamera hakuizima kamwe. Yule mchukia uongo alisema tena ili apate kile kitakachofuata, na alikipata. Pale kwenye shuka, mkubwa kuliko mtu, nikajiona nageuka. Natazama moja kwa moja kwenye kamera. Natabasamu. Tabasamu pana, la meno yote, la mtu anayejua kwamba anapendeza. Najipiga kofi kwenye kipaji cha uso kama mjinga aliyesahau kitu, mzaha wangu wa filamu ya kwanza, ule uliopendwa. Ndipo, nikiwa bado nacheka, nazitikisa zile kamba mbili mbele ya kamera zionekane vizuri, na kumpa Papa Bauma.

Hangari ililipuka kwa kicheko. Nilikuwa na bomba mdomoni na hakuna kilichotoka. Patron alinipigia kelele, "Ongea!" Nikatazama benchi la tatu. Dorotea alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anatazama uso wangu kwenye shuka kama mtu anayesoma barua polepole.

Tulirudi nyumbani kukiwa bado na jua. Alitangulia mbele, hakukimbia, alisalimia watu njiani kama kawaida. Alipofika aliwasha moto, akaweka sufuria ya maharage, akatia chumvi, akaonja. Kisha akaniuliza, bila hasira, mgongo wake ukiwa kwangu:

"Na kucheka, Moniteur, ilikuwa mukono vilevile?"

Tuliishi pamoja miaka hamsini na miwili, tukazaa watoto saba, na mimi ndiye niliyemzika. Swali hilo hakulirudia hata siku moja, na mimi sikulijibu.